Kufuma kwa sindano mbili kwa kijana anayeanza, na kwa nini nakuanzisha na kufumua

Mwaka huu likizo ya Juni mtoto wa dada yangu alishuka kutoka Newala akaja kukaa na mimi hapa Mtwara, ana miaka 14, siku ya pili tu kashaboreka, bando limeisha, mpira uwanjani hawamchezeshi kwa sababu mgeni, akaniona nimekaa barazani na sindano zangu akauliza "mamdogo, sasa sweta Mtwara la nini na joto hili?" Nikamwambia la Mtwara halina kazi kweli, ila wewe unarudi wapi? Akacheka. Maana wanaoijua Newala wanajua, kule juu Juni na Julai asubuhi ukungu umetanda mtu anaenda shule amejikunyata mikono kwapani. Basi akasema anataka kofia, ndo tukaanzia hapo, na haya ninayoandika ni yale yale niliyomuonyesha yeye, pamoja na pale tulipokosea.

Kwanza tuelewane, siongelei vile vitambaa vya makochi wanavyofuma kina mama kwa ile sindano moja yenye ndoano. Hapa ni sindano mbili, zile za masweta. Na kwa vijana wa kiume mnaoogopa kuchekwa, nendeni Feri mkawaangalie wavuvi wanavyokaa na nyavu zao wanarudishia matundu, wanaume wazima wenye ndevu, halafu mrudi mniambie uzi ni kazi ya kike.

Sindano. Kama dukani zipo chukua za unene wa milimita 5, au 4, zile za katikati. Zikikosekana usikae unasubiri mtu aje nazo toka Dar. Sisi tulikuwa na jozi moja tu na ni yangu, kwa hiyo yeye alijaribu vijiti vya mishikaki, vikawa vyembamba mno, kama milimita 3 hivi, na vinapinda. Watu wengine hutumia spoku za baiskeli, mimi sizipendi kwa anayeanza, nyembamba na zinateleza, vitanzi vinakimbia. Penseli mbili zinafanya kazi ila ni nene, kama milimita 7, kitambaa kinatoka kama neti. Mwisho tukachukua mwanzi mkavu, akapasua vipande viwili vya kama sentimita 30, akachonga kwa kisu mpaka vikalingana unene, ncha zimechongoka ila zisichome, kisha msasa, msasa, msasa tena, halafu akavisugua na mshumaa ndo uzi ukaanza kuteleza vizuri. Mkiani kwa kila kijiti zungusha rababendi nyingi nyingi iwe donge, vitanzi visidondokee upande wa nyuma. Nusu siku ilienda hapo, lakini alizipenda kuliko zangu.

Uzi uwe wa sweta, unene wa kati, rangi ya mwanga. Tafadhali usianze na mweusi, hautaona vitanzi, na usianze na ule wenye manyoya manyoya maana ukikosea haufumuki. Donge likiwa na lebo angalia kuna kapicha ka sindano mbili zimepishana, namba iliyo pale ndo unene wa sindano unaoufaa uzi huo.

Sasa kazi yenyewe. Funga kitanzi cha kwanza: zungusha uzi uwe duara, pitisha upande wa uzi unaotoka kwenye donge ndani ya duara kama unavuta kamba ya mbuzi, kitokee kitanzi kinachokaza na kulegea. Acha kamkia ka kama sentimita 15. Kivishe kwenye sindano ya mkono wa kushoto, kisikabe, sindano icheze kidogo.

Chukua sindano ya pili mkono wa kulia. Ingiza ncha yake ndani ya kile kitanzi kuanzia mbele kwenda nyuma, itokee chini ya sindano ya kushoto, zitapishana kama X na ya kulia iko nyuma. Uzi wa donge uko nyuma pia. Ushike, uzungushe kwenye ncha ya sindano ya kulia, upite nyuma yake kutokea kushoto, uje mbele katikati ya zile sindano mbili. Hapo sasa ndo penyewe, shusha ncha ya kulia taratibu ivute ule uzi upenye kitanzini na kutokea mbele kwako. Umepata kitanzi kipya. Kwa kuwa bado unaanzisha, kivishe hicho kipya kwenye sindano ya kushoto, sasa una viwili. Rudia kwa kuingiza kwenye kile cha mwisho. Ukifika 20 simama.

Kuna njia nyingine nyingi za kuanzisha na mafundi watasema hii inatoa ukingo uliolegea, sawa, lakini kwa mwanafunzi ina faida kubwa moja, kwamba mwendo ni huohuo utakaoutumia kufuma. Ingiza, zungusha, vuta. Tofauti ni kwamba ukianza kufuma mstari, kitanzi kipya hukirudishi kushoto, unakiacha kwenye sindano ya kulia, halafu kile cha zamani unakidondosha kitoke kwenye sindano ya kushoto. Kwa hiyo ingiza, zungusha, vuta, dondosha. Huyu kijana alikuwa anaimba hivyo hivyo kama kombolela mpaka jirani akauliza kuna nini.

Mstari ukiisha vitanzi vyote viko kulia, badilisha mikono, yenye vitanzi irudi kushoto, anza upya. Mistari yote ufume hivyo hivyo, usihangaike na mtindo mwingine wowote kwanza. Utaona vinatokea vituta kama matuta ya muhogo, kituta kimoja ni mistari miwili, na kitambaa kinalala flati, hakijikunji. Ule mtindo laini wa masweta ya dukani unataka mstari mmoja wa kawaida na mmoja wa kinyume, uzi ukiwa mbele, na ukingo wake unajikunja kama jani kavu, huo uache mpaka mkono ukizoea.

Siku ya kwanza mkono utakuwa mgumu. Utakaza uzi mpaka sindano iwe haiingii, mabega yamepanda masikioni, jasho viganjani. Kwa joto la huku mimi nashauri ufume asubuhi au baada ya alasiri, mchana uzi unagandana na vidole. Nawa mikono na uikaushe. Na kama umetoka kubangua korosho usiguse uzi kabisa, yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, vidole vinabambuka halafu kila uzi unanasa, na doa lake ndo usiseme.

Sasa kufumua, ambako ndo hasa nilitaka kufika. Jioni ya kwanza alifuma mistari kama 10, akaja kuniletea anajisikia, nikamwambia hesabu. Alianza na 20. Zilikuwa 27! Kitambaa kimetanuka juu kama kata ya kuchotea. Akataka kukificha. Nikamchomoa sindano yote mbele yake, nikavuta uzi, prrrr, mpaka mwanzo. Alinikasirikia, chakula cha usiku alikula kimya. Lakini kesho yake akaanza kuchomoa mwenyewe bila kuambiwa, na kuanzia hapo ndo alijifunza kweli, maana mtu anayeogopa kufumua anabaki na makosa yake anayafumia juu, halafu kofia ikiisha haiingii kichwani anasema kufuma kugumu. Fanya hivi: vitanzi 20, mistari 10, fumua yote. Mara tatu. Uzi hauishi, ni uleule.

Zile 7 za ziada zilitoka wapi? Sehemu mbili. Mwanzoni mwa mstari alikuwa anautupa uzi kwa juu ya sindano kwenda nyuma, kile kitanzi cha kwanza kinavutika kinaonekana viwili, naye anafuma vyote viwili. Dawa yake, kabla hujaanza mstari vuta uzi uje chini mbele yako kwanza ukione kitanzi kimoja, ndo uupeleke nyuma kwa kupitia chini ya ncha. Ya pili, katikati ya mstari uzi ulikuwa unaponyoka unakuja mbele bila yeye kujua, ukiendelea hapo kinazaliwa kitanzi hewa na chini yake tundu. Hesabu kila mstari ukiisha, inachosha, lakini kuhesabu 20 ni sekunde tu.

Zikipungua kuna kimoja kimedondoka, usivute kitambaa, kitashuka kama soksi inayofumuka. Kikamate hata kwa pini, kisha tumia ile ndoano ya vitambaa vya makochi ukipandishe mstari kwa mstari.

Jambo lingine linalowachanganya ni ukiachia katikati ya mstari, umetumwa dukani, ukirudi hujui ulikuwa unaelekea wapi. Angalia uzi wa donge unatokea sindano ipi, hiyo ishike kulia, endelea. Umeme ukikatika pia unaweza kuendelea, huu mtindo wa vituta unafumika kwa kupapasa.

Video zinasaidia, ila zipunguze spidi na chagua mwalimu mmoja. Kuna wanaoshika uzi mkono wa kulia wakauzungusha na kuna wanaoushika kushoto wakauchokoa kwa sindano, zote sawa, lakini ukichanganya leo huyu kesho yule utapata mafundo.

Kofia yenyewe sasa. Kwa uzi wa kati na sindano za milimita 5, vitanzi 20 vyetu vilitoka kama sentimita 12, wewe pima vyako kwa rula maana mkono wa kila mtu una mkazo wake. Tukaanzisha 40, hiyo ikawa urefu wa kofia kutoka juu hadi masikioni, tukafuma tu moja kwa moja mpaka kitambaa kikazunguka kichwa, pungufu ya vidole vitatu hivi kwa sababu kinavutika. Kufunga: fuma vitanzi viwili, kile cha kwanza kibebe kwa ncha ya kushoto ukirushe juu ya cha pili kidondoke, kinabaki kimoja, fuma kingine, rusha tena, hadi mwisho. Usikaze hapa! Kata uzi ukiacha mrefu, upitishe kwenye kitanzi cha mwisho uvute. Shona ncha mbili zikutane upate bomba, kisha upande wa juu pitisha uzi kuzunguka ukingo wote uvute kama mdomo wa mfuko, funga kwa ndani. Sisi tulitumia shazia ya kushonea magunia, tukaisugua ncha kwanza isipasue uzi. Mikia yote ifiche ndani kwa kuipenyeza kwenye vituta.

Ukiifua tumia maji ya kawaida, ikaushe imelala, na pasi usiisogeze, hasa ya mkaa, uzi mwingi wa madukani ni akriliki, unayeyuka.

Alipanda basi la Newala na kofia kichwani, Mtwara saa sita mchana, jua kali, hataki kuivua. Nasikia hata wiki haikuisha bibi yake ameshaichukua, sasa anafuma ya pili, kafika kituta cha 15 amekuta ana vitanzi 41. Kanipigia kuniambia anachomoa.