Jinsi ya Kutafuta na Kuokoa Toleo la Mwanafunzi Lililopotea la Filamu Fupi ya Vikaragosi

Filamu nyingi za vikaragosi, yaani zile ambazo kikaragosi husogezwa kidogo na kupigwa picha fremu baada ya fremu, huanza zikiwa kazi za chuo. Nick Park, kwa mfano, alianza kutengeneza A Grand Day Out akiwa mwanafunzi wa National Film and Television School nchini Uingereza, na filamu hiyo ikakamilika mwaka 1989 akiwa tayari yumo Aardman, studio ya filamu za vikaragosi. Katikati ya kazi inayokabidhiwa walimu na ile inayofika hadharani, maonyesho (yaani vipande vya hadithi ndani ya filamu) huondolewa, muziki hubadilishwa, majina ya washiriki huongezwa, na toleo la kwanza husahauliwa kabatini. Mwongozo huu ni wa yeyote anayelitafuta toleo hilo la kwanza, awe ndiye aliyelitengeneza au mtafiti. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba uthibitisho wa toleo umo ndani ya mkanda wenyewe; lebo ya kopo na kumbukumbu za watu ni dalili tu.

Hatua ya 1: Eleza kwa maandishi unachokitafuta

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, tayarisha ukurasa mmoja unaotaja majina yote ambayo filamu iliwahi kuitwa, mwaka wa kukabidhiwa, urefu unaodaiwa, aina ya mkanda, na tofauti zote zinazojulikana kati ya toleo la chuo na toleo la baadaye. Jina la muda ni muhimu mno, kwa kuwa kazi nyingi zinazosemekana zimepotea zipo mahali fulani zikiwa na jina la kazi, namba ya zoezi, au herufi za mwanzo za jina la mwanafunzi.

Hatua ya 2: Waendee watu kabla ya kwenda kwenye hifadhi

Anza na wale walioshika filamu hiyo kwa mikono yao: mpiga picha, mhariri, mtunzi wa muziki, fundi wa sauti, mwalimu msimamizi. Mtunzi wa muziki husahauliwa mara nyingi, ilhali yeye ndiye aliyepewa kaseti ya mapema ili apime muda wa muziki wake, na kaseti hiyo huenda ikawa na toleo unalolitaka. Baada yao ndipo uziandikie maktaba za vyuo, maabara zilizosafisha filamu, na matamasha yaliyopokea kaseti za kuombea nafasi ya kuonyeshwa. Katika barua yako usiulize tu kama wanayo filamu hiyo. Omba waangalie pia makopo yasiyo na jina ya miaka husika.

Hatua ya 3: Usikicheze ulichokipata

Furaha ya kupata mkanda humshawishi mtu autie kwenye projekta papo hapo. Jizuie. Filamu ya asetati, aina ya plastiki inayotengenezewa mikanda, inapooza hutoa harufu ya siki, husinyaa, na matundu yake ya pembeni hayalingani tena na meno ya projekta, kwa hiyo kuicheza mara moja tu kwaweza kuichana. Ukisikia harufu hiyo, litenge kopo hilo na mengine, kwa sababu mvuke wake huharakisha uozo wa filamu jirani, kisha lihifadhi mahali pa baridi na pakavu mpaka siku ya kuskaniwa. Kama ulichopata ni kaseti ya VHS, vunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwake ili isiweze kurekodiwa juu yake, na kagua kama kuna ukungu kabla ya kuigusisha na mashine yoyote.

Hatua ya 4: Thibitisha kwamba ndilo toleo lenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo. Urefu wa filamu unaweza kupimwa bila kuicheza: mkanda wa milimita 16 una fremu 40 katika kila futi, na kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, dakika moja huchukua futi 36. Mkanda wa futi 180 basi ni filamu ya dakika 5, yenye fremu 7,200. Ikiwa kila mkao wa kikaragosi ulipigwa fremu mbili, kama ilivyo desturi ya wengi, mikao yote ni 3,600.

Kaseti zinahitaji hadhari zaidi. Filamu ya fremu 24 ikihamishiwa kwenye mfumo wa televisheni na video wa PAL kwa kuchezwa fremu 25 kwa sekunde, dakika 10 hugeuka kuwa dakika 9 na sekunde 36, na watu wamewahi kudhani kwamba wamepata toleo lililokatwa kumbe ni filamu ileile iliyoharakishwa. Katika mfumo mwingine wa televisheni, NTSC, fremu hugawanywa katika nusu-fremu na baadhi yake kurudiwa ili mwendo ulingane, na jambo hilo huvuruga hesabu ya mikao ambayo tayari ilipigwa mara mbili mbili. Kwa sababu hiyo linganisha idadi ya mikao katika onyesho moja moja, wala usitegemee dakika zilizoandikwa kwenye lebo.

Kisha tazama pembeni mwa mkanda. Kodak iliweka alama ndogo za mraba, duara na pembetatu zinazoonyesha mwaka ambao filamu mbichi (isiyopigwa picha bado) ilitengenezwa, na mpangilio wake ulijirudia baada ya miaka 20. Alama hizo hazikuambii mwaka wa kupiga picha, na zile za negativu, yaani mkanda wa awali uliopita kwenye kamera, zaweza kunakiliwa pembeni mwa nakala, hivyo zitumie kuondoa miaka isiyowezekana tu. Viungo vya gundi au vya utepe kati ya maonyesho huonyesha kwamba huenda umeshika nakala ya kazi ya mhariri, ambayo kwa mtafiti ina thamani kubwa.

Hatua ya 5: Skani picha na sauti kila moja peke yake

Omba skana inayopiga kila fremu nzima, ikionyesha hata matundu ya pembeni, na uhifadhi faili zisizobanwa. Kupiga video ya ukuta ambao projekta inamulika hakutoshi kwa filamu ya vikaragosi, kwa maana fremu zitachanganyika na mikao itapotea. Katika milimita 16, sauti iliyochapwa kama picha hutangulia fremu yake kwa fremu 26. Izingatie tofauti hiyo unapounganisha, la sivyo midomo haitafuata maneno.

Hatua ya 6: Safisha kwa kujizuia

Programu za kuondoa vumbi hulinganisha fremu na jirani zake, na kitu kinachoonekana katika fremu moja pekee hukihesabu kuwa uchafu. Katika uhuishaji huu, kitu hicho chaweza kuwa kope iliyofumbwa, cheche, au alama ya kidole kwenye plastisini. Zima usafishaji wa moja kwa moja na uamue fremu kwa fremu. Mikwaruzo na rangi iliyofifia ni kazi ya miaka, nayo waweza kuirekebisha. Taa iliyopepesa studioni na uzi unaoonekana nyuma ya kikaragosi ni kazi ya mwanafunzi, na viachwe. Panapokosekana onyesho, weka fremu nyeusi zenye urefu unaojulikana, na usiazime picha za toleo la baadaye.

Hatua ya 7: Hifadhi na uombe ruhusa

Tunza nakala tatu, mojawapo katika jengo jingine, kila faili ikiwa na namba yake ya uhakiki, inayokokotolewa na kompyuta kutokana na yaliyomo, ili badiliko lolote ligundulike. Usisambaze chochote kabla ya kuzungumza na mtengenezaji na chuo, kwani haki zaweza kuwa za mmoja wao au za wote wawili. Uliza hasa kuhusu muziki: matoleo ya wanafunzi aghalabu yaliwekewa nyimbo za watu wengine bila kibali, na pengine hiyo ndiyo sababu iliyofanya toleo hilo liondolewe.