Mwekezaji akitaka kununua studio yako ya gemu

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu mmoja wa Chumbageni alinijia na karatasi kumi na mbili. Kampuni ya Dar inataka asilimia 60 ya studio yake ya gemu za simu, na imempa hadi Ijumaa atie sahihi. Tulikaa kibarazani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, tukazisoma ukurasa kwa ukurasa hadi adhana ya Isha. Niliyomwambia yeye nakuandikia na wewe, kwa sababu mimi sikupata wa kuniambia.

Kwanza jua unachouza. Studio ni watu, jina la gemu, na msimbo (maandishi ya programu inayoiendesha gemu) pamoja na michoro na sauti. Mwekezaji akisema "tunanunua hisa," wengi hudhani anakuja kukaa nao mezani. Kumbe vile vyote vikishaandikwa kuwa mali ya kampuni, anayeishika kampuni amevishika pia.

Sisi tulikuwa watatu na gemu ya mashindano ya ngalawa. Sauti tulizirekodi alfajiri Deep Sea, soko la samaki la Tanga, samaki wakishushwa, na mzee mmoja nahodha alitutolea "Tweka tanga!" mara saba mpaka ikakaa sawa. Tulipouza asilimia 70 tulifurahi, maana mishahara ya mwaka mzima ilikuwa benki. Baada ya miezi minne likawekwa tangazo kila mbio zikiisha. Kisha sauti za mzee zikaondolewa ili faili lipungue. Asubuhi moja nikafungua akaunti ya dukani, yaani duka la mtandaoni tunakopakulia gemu, nikakuta nenosiri limebadilishwa. Wakili aliponisomea kifungu cha tisa, "kazi zote zilizopo na zitakazotengenezwa," nilielewa kwamba hatukuibiwa. Tulikuwa tumetoa wenyewe. Mzee bado hukaa palepale, na kila nikimpa shikamoo huniuliza gemu inaendeleaje.

Kwa hiyo kifungu cha mali ndicho uanze nacho, hata kabla ya bei. Bungie, studio ya Marekani, walinunuliwa na Microsoft mwaka 2000. Walipojitoa mwaka 2007 waliondoka na jina la studio, lakini Halo, gemu waliyoitunga wao, ilibaki kwa Microsoft. IO Interactive, studio ya Denmark, walipoachana na mmiliki wao Square Enix mwaka 2017 waliondoka na haki za Hitman, na studio ikaendelea kuishi kwa gemu hiyo. Wote wawili walipata uhuru wao, ila mmoja aliondoka na kazi yake na mwingine akaiacha.

Ukiweza, usihamishe haki kabisa. Sajili alama ya biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa jina lako na kazi yako COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kabla mazungumzo hayajaanza, halafu ipe kampuni leseni ya kuitumia. Wakikataa, na wengi watakataa, dai kifungu cha marejeo, yaani cha haki kukurudia. Sisi tuliandika hivi kwenye karatasi ya yule kijana: "Gemu ikiondolewa dukani, au ikikaa miezi 12 bila kusasishwa, haki zote zitarudi kwa watunzi bila malipo." Sentensi moja tu, lakini ningekuwa nayo mimi, sauti ya mzee ingekuwa hewani leo.

Hesabu ya hisa nayo uielewe. Kwa Sheria ya Makampuni ya 2002, maamuzi ya kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, na kumwondoa mkurugenzi kumo humo. Azimio maalum, kama la kubadili katiba ya kampuni, linataka robo tatu. Maana yake ukibaki na zaidi ya asilimia 25 unaweza kuzuia katiba isiguswe, lakini huwezi kuzuia kufukuzwa kwenye kiti chako. Ndiyo sababu mkataba wa wanahisa uwe na orodha ya mambo yasiyofanyika bila ridhaa yako ya maandishi: kufunga studio, kuuza gemu, kubadili namna mchezaji anavyolipishwa, kupunguza watu. Yule kijana nilimshauri auze asilimia 40, si 60. Larian, studio ya Ubelgiji iliyotoa gemu ya Baldur's Gate 3 mwaka 2023, wana Tencent ya China ndani kwa asilimia 30, ila usukani umebaki kwa mwanzilishi.

Halafu uliza mnunuzi naye anamilikiwa na nani. Hapa watu hupita haraka, na hapa ndipo studio nzuri zinapofia. Tango Gameworks ya Tokyo iliingia Microsoft mwaka 2021 kwa sababu mmiliki wake, ZeniMax, alinunuliwa. Mwaka 2023 ikatoa Hi-Fi Rush, gemu iliyosifiwa kila kona. Mei 2024 ikatangazwa kufungwa, mpaka Krafton ya Korea ikaichukua miezi michache baadaye. Ubora wa kazi haukuwalinda. Sisi watoto wa Tanga tungepaswa kulijua hili kuliko wengine: bei ya mkonge ilipoanguka huko duniani, mkataji wa Muheza ndiye aliyesikia mwisho.

Ukiahidiwa fedha za baadaye kwa masharti ya mauzo, hesabu kama hazipo. Krafton haohao walinunua studio ya Unknown Worlds mwaka 2021 kwa dola milioni 500, na hadi milioni 250 nyingine zikifikiwa shabaha. Julai 2025 viongozi wa studio waliondolewa, na malipo hayo yakaishia mahakamani. Anayepanga tarehe ya kutoa gemu ndiye anayeshika shabaha, basi mkataba useme wazi ni nani.

Mambo madogo usiyaache: barua pepe ya akaunti ya dukani iwe ya nani, nakala ya msimbo ikae wapi, na kila aliyechora au kutoa sauti awe na karatasi yake mwenyewe. Wakili awe wako, umlipe wewe. Ukiambiwa "wakili wetu atawasaidia wote," tafuta mwingine.

Na muda wanaokupa usikutishe. Alhamisi ile kijana alituma barua: asilimia 40, kifungu cha marejeo, orodha ya ridhaa. Ijumaa ikapita kimya, na usiku akanipigia mara tatu, "Kaka, nimeharibu." Jumatatu wakapiga wao. Marejeo wameyakubali, ila wanataka miezi 18 badala ya 12, na kifungu cha kufunga studio wanakiomba kiondolewe. Jumamosi tunakaa tena kibarazani, na hicho ndicho tutakachoanza nacho.