Kutumia Michezo ya Video Kuunda Modeli ya Fikra za Watu Wanaofanya Kazi kwa Pamoja

Amua kwanza swali lako, kisha utafute mchezo unaolifaa. Ikiwa unataka kujua jinsi watu wanavyogawana kazi bila kuelekezana, chukua mchezo wenye majukumu machache yanayotegemeana, kama walivyofanya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2019, walipounda mazingira mepesi yaliyotokana na mchezo wa Overcooked, ambamo wapishi wawili hutia vitunguu sufuriani, husubiri supu iive, kisha huipakua na kuipeleka.

Wape wachezaji raundi za mazoezi usizozihesabu, maana anayehangaika na vitufe huonekana kama hajui kushirikiana.

Kazi nyingi huharibikia kwenye uwekaji wa kumbukumbu. Hifadhi kile ambacho kila mchezaji alikiona kwenye skrini yake, mahali alipokuwa, kitufe alichobonyeza na maneno aliyoyasema, vyote vikipimwa kwa saa ileile. Tuseme mchezaji mwenye kitunguu mkononi anasimama kwa sekunde 2 penye njia nyembamba, kisha anarudi nyuma. Katika jedwali la matendo, hilo ni pengo tupu. Lakini ukitazama alichokiona, utagundua kwamba mwenzake alikuwa anakuja na sahani, naye akampisha. Kule kusita ndiko kufikiri unakokutafuta.

Modeli yenyewe, yaani programu inayojaribu kutabiri atakachofanya mchezaji, ieleze anachokijua mchezaji, anachokitaka, na anachodhani mwenzake anakitaka. Usiipe habari ambazo mchezaji hakuwa nazo, hata kama wewe unaiona ramani nzima.

Unapoijaribu, tumia timu ambazo haijawahi kuziona, la sivyo itakuwa imekariri mazoea ya watu wachache. Alama za juu nazo zisikudanganye: katika utafiti ule wa Berkeley, programu za kompyuta zilizojifunza mchezo huo kwa kucheza na nakala zao zilielewana vizuri zenyewe kwa zenyewe, lakini zilipochezeshwa na watu zilishuka sana, kwa kuwa zilimtarajia mwenzao atende kama zinavyotenda zenyewe. Zile zilizofunzwa pamoja na modeli iliyotokana na uchezaji wa watu ziliwafaa watu zaidi.

Hatimaye, kwa ridhaa ya mchezaji, mwoneshe marudio ya mchezo wake, usimamishe pale aliposita, na umwulize alikuwa anawaza nini kabla hujamwambia modeli ilitabiri nini.