Santuri, CD au kaseti? Hatua za kufuata kabla bendi yenu haijaagiza nakala

Bendi nyingi zinazojitegemea hulianza jambo hili kinyumenyume. Huamua kwanza kwamba zinataka santuri, kisha hutafuta pesa, kisha nyimbo za kujaza pande mbili, na mwisho kabisa watu wa kuzinunua. Kazi yangu ni kuzisaidia bendi ndogo kutoa muziki wao katika nakala za kushikika, na utaratibu ninaoufuata ni huu: wanunuzi kwanza, muziki pili, ndipo tuzungumze kuhusu umbo la nakala na pesa zake. Fuateni hatua kwa mfuatano wake, kwa sababu kila moja inaondoa baadhi ya machaguo kabla hamjafika kwenye inayofuata.

Hatua ya 1: Hesabuni wanunuzi

Chukueni daftari. Andikeni maonyesho yenu ya karibuni, na kando ya kila moja mwandike ni watu wangapi waliacha pesa mezani penu, iwe kwa fulana, stika au chochote kile. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Idadi ya wanaowasikiliza kwenye intaneti iwekeni pembeni kwa sasa. Anayesikiliza bure akiwa jikoni bado hajaamua kufungua pochi.

Kisha waulizeni mashabiki maswali matatu. Nyumbani mna mashine gani ya kupigia muziki? Kwenye gari je? Na la tatu ndilo muhimu zaidi: mngenunua nakala hata kama hamna cha kuipigia? Wanaojibu ndiyo kwa swali hilo ni wengi kuliko mnavyodhani. Wanataka jalada, maneno ya nyimbo, na kitu cha kusainiwa na bendi. Kwa sababu hiyo kila santuri na kila kaseti inayotoka mikononi mwenu iwe na kadi yenye msimbo wa kupakulia nyimbo zilezile.

Mkipata namba, agizeni pungufu yake. Nakala zikiisha mnaweza kuagiza tena. Maboksi yaliyojaa nakala zisizouzika ni pesa ya albamu ijayo iliyofungiwa ndani.

Hatua ya 2: Pimeni muziki

Andikeni urefu wa kila wimbo na jumla yake. Halafu sikilizeni kazi yote mfululizo mkijiuliza kama ina mahali pa kupumzika katikati. Albamu nyingine hugawanyika zenyewe: nusu ya kwanza inamaliza jambo, nusu ya pili inaanza upya. Hizo zinapenda umbo lenye pande mbili. Nyingine ni safari moja ya dakika 50 isiyotaka kukatwa, na hapo CD imeshajichagua.

Hatua ya 3: Fikirieni santuri, na muifikirie kwa undani

Natumia muda mrefu hapa kwa sababu santuri ndilo umbo la gharama kubwa zaidi, na ndilo linaloingilia muziki wenyewe zaidi.

Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika hubeba vizuri dakika 18 hadi 22 kwa upande. Inaweza kubeba zaidi, lakini kwa gharama. Besi nzito huufanya mfereji, yaani ule mstari uliochongwa ambamo sindano hupita, uyumbe kwa upana, na mfereji mpana hula nafasi. Ukitaka dakika nyingi, fundi anayekata hana budi kushusha sauti ili mifereji ikae karibu karibu, na sauti ikishuka, mikwaruzo ya plastiki inasikika zaidi. Dakika 26 za ngoma na besi kwa upande mmoja zitawavunja moyo.

Jambo la pili ni mahali wimbo unapokaa. Santuri hukamilisha mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8 popote sindano ilipo, lakini duara la nje ni kubwa kuliko la ndani. Ukingoni sindano hupita juu ya takriban sentimita 50 za mfereji kwa sekunde. Karibu na lebo hupita sentimita 20 na kitu. Habari ileile ya sauti inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Masafa ya juu, yaani sauti nyembamba na kali, ndiyo yanayoumia: matoazi yanachakaa, na herufi za “s” na “sh” za mwimbaji zinatema. Kwa hiyo wimbo wenye kelele nyingi na sauti kali uwekeni mwanzoni mwa upande, na wimbo wa taratibu mwishoni. Ikiwa mpangilio wa albamu hauwezi kubadilika na kilele chake kiko mwisho wa kila upande, mimi huishauri bendi iachane na santuri kwa kazi hiyo.

Jambo la tatu ni besi. Kwenye santuri ya stirio, kilicho sawa kushoto na kulia huisogeza sindano kwa ubavu. Kinachotofautiana huisogeza juu na chini. Besi iliyotawanywa pande zote mbili huifanya sindano irukeruke, na mfereji ukiwa mwembamba mno inaweza kuchomoka kabisa. Mwombeni fundi wa masteringi, yaani anayeirekebisha sauti kwa mara ya mwisho kabla ya kunakiliwa, akusanye masafa ya chini katikati, na apunguze ukali wa “s”. Mpelekeeni faili za biti 24 ambazo sauti yake haijabanwa hadi mwisho, yaani tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa bado ipo. Kubana kupita kiasi hakuifanyi santuri iwe na sauti kubwa zaidi, kunaondoa uhai tu.

Kama mna nyimbo mbili tu, inchi 7 kwa mizunguko 45 hubeba takriban dakika nne kwa upande, na ni kitu kizuri sana mkononi. Kama mna dakika 22 kwa jumla, fikirieni inchi 12 kwa mizunguko 45: dakika 11 kila upande zina nafasi ya kutosha na sauti hutoka pana.

Muda wa kusubiri nao ni wa miezi, na foleni hutegemea mambo yaliyo mbali na bendi yenu. Mwezi Februari 2020 moto uliteketeza kiwanda cha Apollo Masters kule Banning, California, kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyokuwa vikitengeneza yale mabamba ya lakari ambayo muziki hukatwa juu yake. Kilichobaki kilikuwa Japani. Viwanda vingine hukata moja kwa moja kwenye shaba na havihitaji lakari, hivyo ulizeni kiwanda chenu kinatumia njia ipi.

Hatua ya 4: CD

CD ilianza kuuzwa mwaka 1982, na hadi leo ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kumpa msikilizaji mlichokisikia studio. Inabeba dakika 74 hadi karibu 80, biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, bila kujali wimbo uko mwanzo au mwisho.

Uamuzi wa kweli uko kati ya CD ya kuchoma na CD ya kiwandani. Ya kuchoma hutumia rangi maalumu inayobadilishwa na leza. Inafaa nakala chache, lakini rangi hiyo hufifia, hasa ikiachwa juani. Ya kiwandani ina vishimo vilivyopigwa kwenye plastiki yenyewe, na huanza kuwa na nafuu mnapoagiza mamia. Chagueni jalada la karatasi badala ya kasha la plastiki. Halivunjiki safarini, ni jepesi kwa posta, na picha inaonekana vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Kaseti

Kwa bendi yenye wanunuzi 50, hapa ndipo ninapoanzia. Viwanda hukubali oda ndogo, na hata nyumbani mnaweza kunakili wenyewe mkiwa na mashine nzuri na subira.

Kaseti ina tabia zake. Utepe hupita kwa sentimita 4.76 tu kwa sekunde, na kuna mvumo wa “sss” usioisha chini ya muziki. Magitaa mazito, ngoma na sinthesaiza huufunika, na utepe wenyewe huzilainisha sauti kali kwa namna ambayo wengi tunaipenda. Sauti moja ya mtu yenye kimya kirefu katikati, au piano yenye noti ndefu, haifichi chochote: mvumo unasikika, na kuyumba kwa mwendo wa utepe kunasikika pia.

Utepe hukatwa kwa urefu mnaoagiza, na pande zote mbili hulingana lazima. Zisawazisheni. Mkishindwa, upande mrefu uwe A, ili kimya kinachobaki kiangukie mwisho wa B, ambapo msikilizaji hangoji tena kugeuza.

(Vijiti vya USB huwa naulizwa. Watu huvifuta na kuwekea mambo yao. Kadi yenye msimbo inafanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo.)

Hatua ya 6: Tenganisheni gharama za mara moja na gharama za kila nakala

Gharama za mara moja ni masteringi, usanifu wa jalada, na kwa santuri, kukata na kutengeneza mihuri ya nikeli inayokandamiza plastiki. Hizo mtalipa zilezile mkiagiza 100 au 1,000, ndiyo maana nakala 100 za santuri hutoka ghali sana kila moja. Chukueni gharama zote, pamoja na usafirishaji na kodi, mgawanye kwa bei mtakayouzia. Jibu ni idadi ya nakala za kurudisha pesa. Ikizidi nusu ya oda, sitii saini.

Msisahau uzito. Santuri pekee huwa na gramu 140 au 180 kabla ya jalada na boksi la kuikinga, na posta hailipwi kwa mapenzi.

Hatua ya 7: Jalada na haki

Pateni kiolezo cha kiwanda kabla msanifu hajaanza kuchora. Rangi ziwe za uchapaji, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, na milimita 3 za ziada kila ukingo. Kama mmepiga wimbo wa mtu mwingine, tafuteni kibali sasa, kwa sababu kiwanda kitawauliza. Msimbo pau unahitajika tu mkipeleka nakala madukani.

Hatua ya 8: Sikilizeni sampuli kabla ya kukubali

Kwa santuri, lipieni nakala za majaribio hata kama kiwanda kinawaambia mnaweza kuziruka. Zisikilizeni kwenye mashine nzuri, kisha kwenye mashine mbovu. Tumieni nakala mbili au tatu: mkwaruzo ulio kwenye nakala moja tu ni bahati mbaya ya nakala hiyo, ulio mahali palepale kwenye zote umetoka kwenye muhuri. Rudieni mara mbili dakika za mwisho za kila upande. Hakikisheni sindano hairuki, upande A ndio wenye lebo ya A, na nyimbo zinafuatana kama mlivyoandika kwenye jalada.

Tarehe ya kutoka itangazeni baada ya kukubali sampuli. Oda ikifika, hesabuni maboksi, kwa sababu mikataba mingi ya viwanda huruhusu idadi kupungua au kuzidi kwa asilimia 10, na mtatozwa kwa kilicholetwa. Nakala tano ziwekeni kando bila kufunguliwa, santuri zikiwa zimesimama wima na kaseti zikiwa mbali na spika.