Maswali ya historia ya ngono mahakamani Kenya: jinsi ya kutumia kifungu cha 34

"Kabla ya siku hiyo ulikuwa na wapenzi wangapi?" Nchini Kenya, wakili hana ruhusa ya kumuuliza mlalamishi hivyo kiholela. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamtaka aombe kwanza idhini ya mahakama, hata kama swali analielekeza kwa mshtakiwa au shahidi mwingine. Uhusiano wa zamani na mshtakiwa mwenyewe nao umo katika katazo hilo, jambo ambalo wengi hulisahau.

Kiongozi wa mashtaka aanze na fomu ya PRC (Post Rape Care, fomu ya huduma baada ya ubakaji) iliyojazwa hospitalini. Ina nafasi ya tarehe ya mwisho ya kujamiiana kwa hiari. Daktari akiisoma fomu yote kwa sauti, au mlalamishi akiulizwa na upande wake mwenyewe kama alikuwa bikira, utetezi hupata hoja: sheria inaruhusu ushahidi wa kukanusha yaliyotangulia kutolewa na mashtaka. Usiulize usichokihitaji. Ubikira si lazima uthibitishwe: kuingiliwa, hata kwa sehemu tu, kunatosha kisheria.

Utetezi ukiuliza swali la aina hiyo bila idhini, simama kabla shahidi hajafungua kinywa. Taja kifungu, sema idhini haijaombwa, omba pingamizi lako liandikwe. Ukichelewa, aibu imeshatendeka na hakimu ameshasikia.

Utetezi ukiomba idhini, omba wasiohitajika watoke nje. Mahakama inaweza kumtoa hata mlalamishi asiyasikie. Kisha dai utetezi utaje tukio mahususi na uhusiano wake na suala linalobishaniwa. Kueleza shahawa, mimba, ugonjwa au jeraha lilitoka wapi ni hoja ya haki, na mshtakiwa asinyimwe. Hakimu atapima pia utu na faragha ya mlalamishi. Lakini ombi likilenga kuonyesha kwamba mwanamke huyu "amezoea", kwa hiyo huenda alikubali au haaminiki, lazima likataliwe.

Katika kesi ya unajisi, mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa, kwa hiyo hoja ya kuwahi kuwa na wapenzi haimsaidii mshtakiwa. Utetezi wa kudanganywa kuhusu umri ni suala jingine.

Idhini itolewe au inyimwe, hakimu anatakiwa kuandika sababu. Asipoziandika, mkumbushe papo hapo, kwa kuwa Mahakama Kuu itakayosikiliza rufaa itategemea rekodi hiyo.