Namna ya Kuandika Insha ya Usalama Barabarani kwa Ufadhili wa Kampuni ya Mawakili

Nchini Marekani, kampuni nyingi za mawakili wanaotetea majeruhi wa ajali hutoa ufadhili mdogo wa masomo ya chuo, mara nyingi kati ya dola 500 na 5,000, kwa mwanafunzi atakayeandika insha bora kuhusu usalama barabarani. Hufanya hivyo kwa hisani na pia kwa kujitangaza, na ni vyema kulijua hilo mapema, kwa kuwa insha iliyoshinda kwa kawaida huwekwa kwenye tovuti ya kampuni pamoja na jina la mwandishi wake. Asiyetaka msiba wa nyumbani kwao usomwe na kila mtu asiuandike.

Soma masharti yote kabla ya kuanza. Yapo mashindano yanayopokea raia na wakaazi wa kudumu pekee, na yapo yasiyojali mwombaji ana viza gani ilimradi amesajiliwa katika chuo kinachotambulika. Angalia wastani wa alama, idadi ya maneno, na pia saa ya mwisho ni ya eneo gani, kwani saa sita usiku ya New York ni saa tatu usiku ya Los Angeles. Shindano linalodai ada ya kuingia, au namba ya Social Security (namba ya siri ya utambulisho ambayo serikali ya Marekani humpa mtu) kabla mshindi hajapatikana, achana nalo.

Kazi kubwa ni kuchagua hoja. Mada huwa pana, kama vile simu, ulevi au mwendo kasi, na waombaji wengi huanza kwa kusema kwamba ajali ni janga linalopoteza nguvu kazi ya taifa, sentensi ambayo msomaji amekwisha kuichoka. Chukua jambo moja dogo ulitazame kwa karibu. Ukiandika juu ya simu, piga hesabu: gari linalokwenda maili 55 kwa saa hupita takribani mita 123 katika sekunde 5, kwa hiyo dereva aliyeinamia ujumbe kwa muda huo amepita zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira bila kuona njia. Hesabu hiyo yatosha kuwa aya ya kwanza. Kisha uliza swali lenye ubishi: jimbo la Washington lilipiga marufuku kuandika ujumbe huku mtu akiendesha tangu 2007, na karibu majimbo yote yakafuata, basi kwa nini mwaka 2022 watu 3,308 walikufa katika ajali zilizotokana na madereva waliokosa umakini? Jibu lako, likiwa na sababu unazoweza kuzitetea, ndilo insha yenyewe.

Takwimu kama hiyo hutolewa na NHTSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa magari. Itaje pamoja na mwaka, wala usinakili namba kutoka kwenye matangazo ya mawakili.

Aliyekulia Kisumu au Mwanza ana mtaji ambao wenzake hawana, mradi mada iruhusu. Sheria ya Kenya humtaka dereva wa bodaboda na abiria wake kuvaa helmeti, ilhali jimbo la Illinois, Marekani, halina sheria ya namna hiyo kwa waendesha pikipiki. Aliyeona jinsi helmeti inavyoning'inizwa kwenye usukani hadi askari aonekane anaweza kueleza, kuliko yeyote, tofauti ya sheria iliyoandikwa na sheria inayofuatwa. Usiwasifu mawakili wala kudai kwamba kesi zaidi zitamaliza ajali. Mwamuzi ataona unajipendekeza.

Ukishinda, mjulishe afisa wa misaada ya masomo chuoni, kwani fedha hizo zinaweza kupunguza msaada mwingine. Omba wapunguze mkopo kwanza, si ruzuku. Sehemu inayolipia ada na vitabu vya lazima kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato, lakini ile inayolipia chumba na chakula hutozwa.