Kula Huoguo na Watoto: Supu Inayochemka Mezani

Huoguo ni mlo wa Kichina: sufuria ya supu huchemka juu ya jiko katikati ya meza, nanyi mnapika humo wenyewe. Kabla ya menyu, panga viti. Mtoto mdogo akae upande wa ukutani, mbali na jiko na mbali na njia ya wahudumu wanaopita na supu ya moto.

Agiza sufuria iliyogawanywa katikati: huku supu nyeupe ya mifupa au uyoga, kule ile nyekundu ya Sichuan, jimbo la China, inayotia ulimi ganzi. Nyekundu waachiwe wakubwa. Mboga za majani msizitie huko. Zinanyonya mafuta ya pilipili, mtakohoa mpaka machozi.

Tangulizeni vinavyochelewa kuiva, kama viazi na mahindi. Nyama iliyokatwa nyembamba usiitupe ukaisahau: ishike kwa vijiti vya kulia, izungushe mpaka wekundu uishe, sekunde chache tu, itoe. Madonge ya samaki yakielea, yape dakika moja zaidi, kisha mkatie mtoto vipande vidogo, maana ndani yanaunguza kuliko nje. Vijiti vya nyama mbichi viwe vya kazi hiyo tu. Hapo sina mzaha.

Mchuzi wa kuchovyea watoto wachanganye wenyewe: ufuta uliosagwa, sosi ya soya, kitunguu saumu kidogo. Wangu huongeza sukari, nami hunyamaza. Tambi ziingie mwisho, supu ikishakolea.